Aliye Kimya Hajatoweka



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaoifuata tafakari hii kila juma, leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi, wala si la altare. Katika nyumba nyingi za Tanga mjini, na vilevile Muheza na Pangani, yako malalamiko ya namna moja. Intaneti ya nyumbani hufanya kazi vizuri mtu anapoitumia, lakini nyumba ikitulia nusu saa au saa moja, mawasiliano hukatika bila taarifa. Mtu akishika simu na kufungua WhatsApp, ujumbe wa mchana kutwa humiminika kwa mkupuo, pamoja na taarifa za simu zilizopigwa zisisikike. Hapo kila nyumba hutafuta dawa yake: huyu huzima ruta na kuiwasha upya kila asubuhi, yule hununua kifurushi kikubwa zaidi, na mwingine humgombeza kijana wa nyumba kwamba amechezea mipangilio.

Kama huo ungekuwa usumbufu tu, ningewaachia mafundi. Lakini mfikirieni mama mzee anayekaa peke yake, mwanawe mmoja yuko Muscat kazini na mwingine yuko Dar es Salaam. Kwa mama huyo simu iliyo mezani ndiyo mlango wa nyumba. Mwana akipiga saa mbili usiku na simu isilie, mama hudhani amesahauliwa, na mwana naye hudhani mama amekasirika au ni mgonjwa. Pande zote mbili huumia, hali hakuna aliyemkosea mwenzake. Hata habari ya msiba huweza kumfikia mtu kesho yake, ilhali huku kwetu maziko mara nyingi hayangoji. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu wetu kulielewa tatizo hili. Na tukilielewa vyema, litatuonya pia juu ya namna tunavyowatendea watu walionyamaza katika jumuiya zetu.

Tuanze na chanzo chake. Simu iliyotulia mezani haijakata mawasiliano. Imeshikilia muunganisho mmoja mwembamba na seva za mbali, nao hukaa kimya hadi pawepo neno la kusemwa. Katikati ya simu na seva hizo pana ruta ya nyumbani, na baada yake pana mitambo ya mtoa huduma. Sasa, anwani za intaneti za mtindo wa zamani, uliowekwa mwaka 1981, ni kama bilioni 4.3 tu, nasi wanadamu tumepita bilioni 8. Kwa sababu hiyo vifaa vyote vya nyumba moja hutoka nje kwa anwani moja, na mara nyingi wateja wengi wa mtoa huduma mmoja huchangia anwani moja vilevile. Kifaa kinachosimama mlangoni, mfano wa bawabu, huandika katika daftari lake nani anazungumza na nani. Daftari hilo lina nafasi yenye kikomo. Aliyekaa kimya kwa muda uliopangwa hufutwa, ili mwingine apate nafasi.

Shida ni kwamba bawabu akimfuta mtu, aghalabu hamwambii. Simu hubaki ikidhani imo daftarini. Ujumbe ukifika kutoka ng'ambo, bawabu hutazama, haoni jina, na ujumbe huishia mlangoni. Simu itagundua hayo siku itakapojaribu kusema yenyewe, ndipo ijiandikishe upya na kupokea yote yaliyokuwa yakiingojea.

Wahandisi wanalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1989 chombo chao cha kimataifa, IETF, kiliweka kanuni kwamba kompyuta ikitaka kuhakikisha kuwa mwenzake yu hai, isimsumbue kwa salamu kabla ya saa 2 za ukimya, labda kama imepangiwa vingine. Mwaka 2008, katika waraka wake namba 5382, chombo hicho kikasema kwamba bawabu asifute mazungumzo yaliyokwisha kusimama kabla ya saa 2 na dakika 4. Tazameni busara iliyomo: salamu yaja baada ya saa 2, na bawabu anaamriwa angoje dakika 4 zaidi, isije salamu ikawa njiani naye akafunga mlango. Lakini si kila kifaa kinachouzwa madukani hutii. Kikifuta baada ya nusu saa, salamu ya saa 2 haifui dafu tena.

Kwa wale wanaotaka kuponya nyumba zao, ushauri wangu ni kwamba tusitibu kabla ya kupima. Kukatika wakati wa utulivu kuna vyanzo vingi, na dawa ya kimoja haimfai mgonjwa wa kingine.

Kwanza, tazama ni nani aliyekatika. Acha nyumba itulie saa moja, kisha jaribu vifaa viwili. Kama simu moja tu ndiyo iliyopotea na nyingine inafanya kazi, usiiguse ruta. Simu nyingi huzifungia programu zisizotumika ili kuokoa betri. Ingia katika mipangilio ya betri, uiruhusu programu ya mawasiliano ifanye kazi bila kizuizi.

Pili, kama vifaa vyote vimekatika, pima laini yenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -t kisha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na aghalabu imeandikwa chini ya ruta yenyewe. Fungua dirisha la pili ufanye vivyo hivyo kwa anwani ya nje, kama 8.8.8.8. Kompyuta itapiga hodi takriban mara moja kila sekunde, nawe utaona majibu. Hakikisha tu kwamba kompyuta yenyewe imepangwa isilale wakati wa kipimo. Kama ruta inajibu na anwani ya nje haijibu, tatizo liko nje ya nyumba, ama kati ya ruta na mtoa huduma. Kama hata ruta haijibu, angalia waifai, umeme au ruta yenyewe. Lakini kama hodi hizo zikiendelea laini haikatiki kamwe, na ukizisimamisha inakatika, basi umeupata ugonjwa: ni ukimya.

Tatu, ukimya wa laini una dawa zake. Ruta nyingi zina mpangilio wa kukata mawasiliano yasipotumika kwa muda, kwa mfano dakika 15. Huo ni urithi wa zama ambapo intaneti ilipatikana kwa kupiga simu na mteja alilipa kwa dakika. Wakati huo kukata kulikuwa ni kumhurumia mteja. Leo ni kumsumbua. Uondoe, uchague muunganisho wa kudumu. Ruta ndogo za mfukoni zenye betri na laini ya simu nazo huzima waifai zisipoona kifaa kilichounganishwa. Mpangilio huo nao waweza kuondolewa, na ruta ikaachwa kwenye umeme. Na sisi wa pwani tusisahau chumvi ya bahari: viungio vya waya vilivyo nje ya nyumba huota kutu ya kijani, vikatoa mawasiliano yanayokuja na kuondoka, watu wakadhani ni mipangilio.

Nne, yako yasiyotoka nyumbani kabisa. Hadi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, intaneti yetu ilipitia kwenye setilaiti zilizo umbali wa karibu kilometa 36,000 juu ya dunia. Leo tunategemea nyuzi zilizolazwa chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp na Facebook zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Siku za namna hiyo hata ukiizima na kuiwasha ruta mara mia, hutabadili kitu.

Kutokana na hayo nasema wazi: kumwuzia mteja kifurushi kikubwa ili kutibu ukimya ni kumwonea. Kifurushi kikubwa huongeza kiasi cha data. Hakiongezi muda wa bawabu kukumbuka. Hodi moja kila sekunde, kwenda na kurudi, mchana na usiku, hutumia kama megabaiti 10 kwa siku; hodi moja kila dakika haifiki hata robo ya megabaiti moja. Dawa ya ugonjwa huu ni ndogo, tena ni ya bei rahisi. Mwuzaji au fundi anayejua hivyo, akanyamaza ili auze, anachukua fedha ya maskini bila haki. Mteja ana haki ya kuelezwa. Apeleke malalamiko yake kwanza kwa mtoa huduma, na asiporidhika ayafikishe TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Kudai maelezo si ugomvi. Ni kutimiza haki.

Sasa nigeukie upande wetu wa Kanisa. Injili ya Dominika ya 32 ya Mwaka A hutuletea mfano wa wanawali kumi. Mara nyingi tumehubiriwa kana kwamba watano walilala na watano walikesha. Someni tena sura ya 25 ya Mathayo: bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala. Wenye busara hawakusifiwa kwa kutolala, bali walikuwa na mafuta, na walipoitwa waliweza kuamka na kuwasha. Kulala si kosa. Hata simu iliyo kwenye mtandao wa mnara hulala baada ya muda mfupi ili ihifadhi betri, na mnara huiita inapotakiwa, nayo huamka. Mambo yote ni salama maadamu aliyelala anaweza kuitwa, na maadamu yupo wa kumwita.

Katika jumuiya zetu hapana budi tujiulize juu ya huyo wa kuita. Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, ili Kanisa lifike nyumbani kwa mtu. Jumuiya ina daftari, na daftari ni jambo jema. Lakini daftari letu huelekea kufanya kazi kama lile la bawabu: anayefika na kuchangia huonekana, na asiyefika miezi sita hupigwa mstari. Hakuna aliyemchukia. Amefutwa kwa sababu alikuwa kimya, na yeye mwenyewe hajui kwamba amefutwa.

Atajua lini? Aghalabu ni familia yake itakayojua, siku ya msiba. Watoto wanakuja kuomba padre na misa ya maziko, na jibu la kwanza wanalokutana nalo ni kwamba marehemu alikuwa hashiriki jumuiya, au ana deni la michango. Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka kusimama. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa miili yao kwa nia ya kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Hata hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Na penye shaka, sheria inaelekeza aulizwe askofu. Mzee aliyenyamaza hamo katika orodha hiyo. Mwenye deni hamo.

Najua nitaulizwa: je, padre, ukisema hivyo watu hawatalegea? Jumuiya itajengwaje kama anayeshiriki na asiyeshiriki ni sawa? Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Ushiriki ni wajibu, na anayekaa mbali kwa dharau aonywe, tena aonywe akiwa hai, ana kwa ana. Lakini onyo linalotolewa mbele ya jeneza halimrudishi marehemu. Linawafukuza watoto wake. Tena tujiulize kama tulikwisha kujua ukimya ule ulikuwa wa namna gani. Kama vile intaneti inavyokatika kwa sababu mbalimbali, yumkini mtu huyu alinyamaza kwa miguu kuuma, au kwa aibu ya kukosa sadaka, au kwa neno alilotupiwa kikaoni, au kwa kumwuguza mume asiyeweza kuachwa peke yake. Tukimwita mlegevu kabla ya kupima, tumefanya kama yule anayebadilisha ruta kumbe waya umeota kutu.

Hapa pwani tuna adabu ya hodi. Mgeni hubisha mara tatu kabla ya kugeuka na kwenda zake. Mfumo wa Linux, unaoendesha seva nyingi za dunia, kwa kawaida ukianza kumsalimu mwenzake aliyenyamaza hubisha mara 9, kila mara ukingoja sekunde 75, ndipo useme kwamba mawasiliano yamekufa. Mara tisa, na hiyo ni mashine! Sisi tuliobatizwa, kabla ya kumpiga mstari ndugu yetu, tulibisha mara ngapi mlangoni pake?

Na hapa fundi anatufundisha jambo moja zaidi. Kompyuta ikipiga hodi sebuleni, huiweka laini ya nyumba macho, lakini jina la simu iliyoko chumbani halikumbukwi kwa sababu hiyo. Katika daftari la bawabu kila mazungumzo yana mstari wake, na salamu ya mmoja haihesabiwi kwa mwingine. Matangazo ya Dominika baada ya komunyo huiweka parokia macho. Ujumbe katika kundi la WhatsApp la jumuiya vilevile. Lakini haviwezi kusimama badala ya salamu inayomfikia mtu kwa jina lake. Mama aliyelala kitandani hasalimiwi na tangazo.

Kwa maoni yangu, basi, mashine ina haki ya kumsahau aliye kimya, kwa kuwa daftari lake ni dogo na haikuumbwa kupenda. Sisi hatuna haki hiyo. Kanuni ya 529 inamtaka paroko ajitahidi kuwajua waamini wake, azitembelee familia, na awatafute kwa bidii ya pekee maskini, wanaoteseka, walio wapweke na walio mbali na nchi yao. Sheria inasema awatafute. Haisemi awangoje ofisini. Na paroko hafiki kila mlango bila macho na miguu ya viongozi wa jumuiya.

Napendekeza mambo matatu, nayo yote ni madogo. La kwanza, kila jumuiya ifungue daftari lake juma hili na kuyasoma majina ya walionyamaza tangu miezi mitatu iliyopita. Jina lolote lisifutwe mpaka mtu amefika mlangoni, amebisha, na ameleta habari. La pili, vijana wa VIWAWA wenye ujuzi wa kompyuta watenge Jumamosi moja kwa mwezi, wapite kwa wazee wanaoishi peke yao, wapime ruta na simu zao kwa utaratibu nilioueleza, wala wasitoze kitu. Kijana akifungua mipangilio ya betri ya simu ya bibi, ametenda tendo la huruma sawa na kumchotea maji. La tatu, walioko mbali, Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au kwingineko, wasingoje habari kubwa ndipo wapige. Neno fupi la kila siku, shikamoo na marahaba, lina nguvu kuliko mazungumzo ya saa mbili mara moja kwa mwaka.

Hata sala zetu ni hivyo. Kanisa halikutufundisha kunyamaza mwaka mzima na kusali usiku kucha wakati wa Pasaka peke yake. Limetupa kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, sala ya dakika chache, ili moyo usipitiwe na ukimya mrefu ukadhani umefutwa. Mungu kwa upande wake hana daftari lenye kikomo, wala hamfuti mtu kwa sababu ya kunyamaza. Tunaosahau ni sisi, na salamu zile ndogo zimewekwa kwa ajili yetu.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.